Nyigu wa Mama Miche

Nyigu wa Mama Miche walikuwa hawaishi. Hiyo ndiyo habari niliyoletewa nyumbani kila Alhamisi jioni, mume wangu akivua viatu mlangoni. Wiki hii wako kwenye tangi la maji. Wiki iliyopita walikuwa kwenye kibanda cha majembe. Kabla ya hapo walijenga juu ya mlango wake wa jikoni, na hao, alisema, walikuwa wa hatari kweli. Nikamuuliza ni mdudu gani huyo anayehamahama ndani ya ua mmoja, asijue kwamba mitaa mingine ipo. Akasema, "Ndivyo walivyo," akachukua taulo akaenda kuoga.

Mume wangu ni fundi wa dari. Mtu anayefungua dari za watu hukutana na kila kilichojificha humo, panya, popo, nyuki, nyigu, na baada ya miaka mingi amekuwa mtu wa kuitwa pakitokea chochote chenye mabawa na mwiba. Sikatai, anawajua. Wanasema anaweza kusimama chini ya paa lako akamtazama mdudu mmoja tu akipita, akakwambia huyu ni nyuki, mnene na ana manyoya, asiguswe, mwiteni mfuga nyuki. Au huyu ni nyigu, mwone kiuno kilivyobanwa na miguu inavyoning'inia akiruka. Anajua kiota cha wale wanaotafuna mbao wakajenga kitu kama karatasi, na kile cha udongo cha nyigu anayeishi peke yake, asiye na shida na mtu. Nasema "wanasema" kwa sababu hayo yote niliyasikia kwa watu aliowaeleza. Mimi hakuwahi kunieleza habari za nyigu.

Sikuona ubaya. Niliolewa na mtu mkimya na nilijivunia. Wanawake wenzangu walilalamika waume zao wanapayuka kutwa, siri za nyumba zote ziko barazani. Wangu anarudi, anakula, anasema "asante, mama watoto", anafungua redio. Watoto wetu wawili wameshajitegemea, nyumba imebaki na sisi na hiyo redio. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu debe tupu haliachi kuvuma, na la kwangu limejaa.

Sasa huyo Mama Miche. Ni mjane, yuko mtaa wa pili kutoka kwetu, anauza miche ya maua na ya matunda mbele ya nyumba yake, ndipo alipopatia jina. Laiti angekuwa mzuri, ningepumua. Ukinyang'anywa mume na mwanamke mzuri watu wanakupa pole, wanasema hata ningekuwa mimi. Huyu ni mfupi, nguo zake zina udongo magotini, kucha zake nyeusi kama za mtu anayechimba viazi, na sauti yake inakwaruza. Nilimtazama sana sokoni nikitafuta ni kipi hasa kinachomvuta mume wangu. Kila nilipokikosa nilizidi kuumia, maana kisichoonekana utakishinda vipi?

Mimi kazi yangu ni udobi. Nina kibanda ubavuni mwa nyumba, meza, pasi mbili na kamba za kuanikia, na watu wa mtaa huu nawajua kwa kola zao kuliko kwa sura zao. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa wengine huo ni msemo, kwangu ni kazi. Kwa hiyo shati la Alhamisi nililichukulia muda wake. Nililinusa kwapani, nikalinusa kifuani, nikaligeuza ndani nje. Lilikuwa na harufu ya moshi kidogo, ya maji ya sabuni, na ya majani yaliyopondwa. Jasho, hakuna. Nikamtazama na yeye mwenyewe alipotoka kuoga, shingo, mikono, mgongo. Mtu anapigana na nyigu kila wiki na hajaumwa hata mara moja! Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuchemka.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kuchukua mashuka yake akanikuta nimeshika lile shati.

"Wifi," akasema, "huyo kaka yangu anawaua hao nyigu au anawafuga?"

"Muulize kaka yako."

"Mimi simo. Ila dalili ya mvua ni mawingu." Akakunja shuka lake taratibu, mtu aliyekuja na neno na hataki lionekane alikuja nalo. "Juzi nimepita pale, vicheko mpaka barabarani."

"Vicheko vya nani?"

"Vya kaka."

Nikamwambia amemfananisha. Kaka yake hacheki. Akifurahi sana hupumua kwa pua. Wifi akanitazama kwa huruma, na huruma ya wifi usiombe ikupate. Akasema, "Haya, nimemfananisha," akabeba mashuka yake akaenda.

Jioni hiyo nilimwekea mume wangu chakula nikakaa mbele yake, nikazima redio.

"Kwa nini usiwamalize wote siku moja, yakaisha?"

"Hataki waishe wote," akasema. "Wanakula viwavi kwenye miche yake. Walio karibu na mlango na tangi tunawaondoa, walio mbali tunawaacha."

"Mnawaondoa wewe na nani?"

Akatafuna kwanza. "Ninawaondoa," akasema.

"Na kwa nini iwe jioni?"

"Jioni wote wamesharudi kwenye kiota. Wametulia. Giza likianza hawaoni vizuri."

"Hata watu hawaoni vizuri," nikasema.

Akanyanyua sahani yake, akaipeleka jikoni, akaiosha. Mtu akikujibu matusi unapata pa kushika. Huyu aliosha na sahani yangu pia, nami nilikuwa sijamaliza kula.

Nilifikiri sana juu ya pasi siku zilizofuata, na nilichofikiri ni hiki: kinachompeleka ni nyigu, basi nyigu wakiisha hana cha kumpeleka. Niende mwenyewe. Na niende mchana, saa ambayo si yake, jua likiwa kichwani na mlango wa kila mtu uko wazi. Jioni ilikuwa yao. Sikutaka kuigusa hiyo jioni yao hata kwa ncha ya kidole. Alhamisi ilipofika nikangoja aende kazini, nikazima pasi.

Sabuni ninayo, dobi hakosi sabuni. Nilikoroga ndoo nzima ikawa nzito kama uji, maana niliwahi kusikia kwamba maji ya sabuni humlowesha nyigu mwili mzima akashindwa kupumua. Nikavaa koti la kazi la mume wangu na suruali yake, nikaingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. Kichwani nilikosa cha kuvaa. Palikuwa na pazia jeupe la wavu la mteja, limeshapigwa pasi. Nikajitanda hilo, nikalifunga shingoni kwa utepe, nikabeba ndoo mkono huu na ufagio wa mpini mrefu mkono huu, nikavuka barabara.

"Harusi ya nani?" muuza vocha wa kwenye kona akaniuliza.

"Ya mama yako," nikamjibu, nikapita.

Mama Miche alikuwa amechuchumaa uani anajaza udongo kwenye vifuko vyeusi vya miche. Ua wote ulikuwa kijani, huwezi kuweka mguu bila kukanyaga jani. Chini ya mpera mapera yaliyoiva yalikuwa yameanguka yamepasuka, na juu yake nyigu wamejaa wanakunywa, tena kwa adabu, kila mmoja na pera lake. Nikasema moyoni, ndiyo maana hawaondoki, wanalishwa. Kila anayekuja hapa analishwa.

"Karibu, mke wa fundi," akasema. Alinitambua hata ndani ya pazia.

"Sikuja kukaribia. Nimekuja kazini. Nimeambiwa nyigu wako hawaishi."

Akanitazama kuanzia soksi kwenda juu. Midomo yake ilibanana kidogo, na nilijua anabana nini. "Basi ungengoja jioni," akasema. "Mchana nusu yao wako nje wanatafuta chakula, na hawa walio nyumbani ni wakali."

"Jioni!" nikasema. "Habari za jioni zako mtaa mzima unazo."

Hapo akaelewa. Aliweka chini mwiko wake wa udongo, akajifuta mikono kwenye nguo. "Dada," akasema, "tafadhali, si sasa hivi. Fundi mwenyewe hawezi..."

"Fundi mwenyewe ni mume wangu."

Kiota kilikuwa chini ya jukwaa la tangi, kinatazama chini, vishimo vimepangana, kipana kama kisahani cha kikombe. Nyigu walikuwa wametulia juu yake wamebanana, wamenyanyua mabawa. Nikamwaga ndoo kwa nguvu zangu zote. Nusu ilipiga jukwaa ikanirudia miguuni, lakini nusu iliwapata. Nikafuata na ufagio. Kiota kikaanguka, na wale walioloa wakawa wanatambaa kwenye povu, wanageuka chali, wanakufa. Nilifurahi jamani. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huo wote. Niliinama nikafunua pazia usoni ili niwatazame vizuri wakifa mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nilihesabu Alhamisi.

Sikuwaza kuhusu wale waliokuwa nje. Walirudi kutoka kwenye miche, kutoka kwenye mapera, kila mmoja na kazi yake mdomoni, wakakuta nyumba haipo na mimi nipo. Wa kwanza alinipiga mdomoni. Wa pili kwenye kope. Nyuki akikuuma mwiba unabaki mwilini mwako, naye anakwenda kufa, angalau mnagawana hasara. Nyigu anauma, anachomoa, anauma tena. Nikapiga kelele, nikaanza kupunga mikono kama mtu anayesimamisha gari, na jinsi nilivyopunga ndivyo walivyozidi, masikioni, shingoni, ndani ya pazia la mteja.

Yule mwanamke alikuja katikati yao. Hakukimbia. Alinishika kifundo cha mkono kwa zile kucha zake nyeusi akasema, "Shusha mikono. Tembea. Tembea tu na mimi," akanivuta mpaka ndani akafunga mlango.

Alinikalisha. Aliniambia nifungue mdomo akatazama ulimi, akasikiliza pumzi zangu, akaniuliza kama kifua kinabana. "Kikibana uniambie upesi, tunakwenda hospitali hapo hapo, hakuna kungoja." Hakikubana, kwa sababu ya nyigu angalau. Alininawisha kwa sabuni, akaloweka kitambaa kwenye maji baridi akaniwekea usoni. Jicho moja lilikuwa limeshafunga. Kwa lile lililobaki nilikagua chumba.

Nilitafuta koti, kandambili, chochote. Chumba kilikuwa safi na hakina kitu, kitanda chembamba, meza, picha ya marehemu ukutani. Nikatazama mlango wa nyuma unaotokea bustanini. Pale palikuwa na vigoda viwili vimekaa bega kwa bega. Kimoja cha zamani, kimekaa upande. Cha pili kipya, na mbao zake nilizijua, ni zile anazobakiza mume wangu akimaliza dari, amezipiga randa mpaka zinateleza. Kwangu kuna kigoda kilichovunjika mguu tangu watoto wako shule. Nimekiegemeza ukutani, ndivyo tunavyokikalia.

"Anakaa pale?" nikauliza.

"Anakaa," akasema. Hakujifanya hajui ninamsema nani, na kwa hilo nikamheshimu kidogo, nikajichukia. "Anakuja mapema, anangoja giza. Kabla ya giza kiota hakiguswi."

"Mnafanya nini mkingoja?"

"Anazungumza."

"Nani anazungumza?"

"Fundi." Alikamua kitambaa, akakiloweka tena. "Huwa hanyamazi. Siku nyingine kichwa kinaniuma."

Nikamwambia mwongo. Nikamwambia mume wangu ni mtu mkimya, nimeishi naye, namjua, asinisimulie habari za mume wangu. Hakubishana. Alichuchumaa mbele yangu tukawa tunatazamana, jicho langu moja na yake mawili, akasema, "Dada, mimi nilizika mume, sitafuti wa mtu. Hakuna kilichotokea humu ndani, naapa kwa aliye hapo ukutani. Anakaa pale, anaongea, giza likiingia anafanya kazi, anakwenda."

Nikamwamini. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kope. Lingekuwa la kitandani ningejua la kufanya. Ningelia, ningemwita wifi, ningemrushia nguo zake barabarani, zote zimepigwa pasi. Kwa hili la kukaa kwenye kigoda na kuongea, utamshitaki wapi mtu? Utasema ameiba nini? Nikasema nataka kulala kidogo. Akanilaza kwenye kile kitanda chembamba, akanifunika uso wote na kitambaa cha baridi, akatoka kwenda kuzoa fujo niliyoiacha kwenye tangi.

Nilisinzia. Kilichoniamsha ni sauti ya mwanamume getini, sauti kubwa, ya furaha, ya mtu nisiyemjua.

"Hodi wenye mji! Nyigu wapo au wamekwenda mkutanoni?"

"Fundi, ngoja kwanza," nikasikia Mama Miche akisema.

"Ngoja wewe! Huwezi kujua leo nimekwenda kwa nani. Yule bwana niliyemwangukia kitandani."

"Fundi, nisikilize, kuna..."

"Nimebisha hodi, kafungua mwenyewe. Kanitazama weee. Kasema," na hapo sauti ikabadilika ikawa ya mzee mnene mwenye mafua, "'Kijana, leo nashukuru umepitia mlangoni.'"

Mama Miche alicheka. Alijizuia, nilisikia anavyojizuia, lakini kilimtoka. Na yule mwanamume akacheka naye. Kilianzia chini kama gari bovu linalowashwa, kikakata, kikarudi, halafu kikafunguka chote, kicheko kikubwa, kizuri, cha mtu anayefurahi mpaka anashika ukuta. Nikamwonea wivu mwanamke mwenye mume kama huyo, kabla sijakumbuka kwamba mwenye mume ni mimi.

Habari ya kumwangukia bwana kitandani sikuijua. Nililala pale chini ya kitambaa nikaiunganisha vipande, maana katikati ya kicheko aliirudia tena. Kumbe alikuwa akitembea juu ya dari ya watu, ubao ukakatika, akashuka katikati ya kitanda cha mwenye nyumba aliyejipumzisha mchana, naye bwana akafumbua macho akamuuliza kama ana miadi. Na ndipo nikakumbuka. Siku hiyo alirudi nyumbani anachechemea, paja limechubuka lote. Nilimuuliza amepatwa na nini, akasema amejikwaa. Nilimkanda kwa maji ya chumvi mpaka lile paja likapona. Mimi nilipewa kidonda, yeye akapewa hadithi.

"Fundi," Mama Miche akasema, safari hii kwa nguvu. "Mkeo yumo ndani."

Kicheko kikakatika.

"Ameumwa na nyigu, uso mzima. Hali yake si mbaya, anapumua vizuri. Alikuja kuwaondoa mchana."

"Yuko wapi?" akauliza.

Maneno mawili tu, lakini alishabadilika. Hiyo ndiyo sauti ninayoijua mimi, ya chini, imenyooka, kama mtu anayejibu maswali ya karani. Ile nyingine ilibaki nje pamoja na viatu vyake. Nilisikia nyayo zikija nikatamani arudi getini aingie upya, aniite mimi "wenye mji".

"Mama watoto," akasema juu yangu. "Pole."

"Nimeshapoa."

"Uliwafuata mchana?"

"Mchana."

"Na kiota umekiangusha?"

"Kipo chini, nenda ukakizike."

Akavuta pumzi kwa pua. "Waliokuwa nje wamerudi," akasema. "Wapo pale kwenye tangi, wanazunguka mahali kiota kilipokuwa. Wataendelea kukitafuta hivyo kwa siku kadhaa, na wana hasira, na yeye maji anachota pale pale." Akakunja mikono ya shati. "Itabidi nije kila jioni mpaka wakate tamaa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuja kuiua Alhamisi moja, nikamzalia mjane wiki nzima. Ningekuwa na mdomo mzuri ningejicheka, lakini mdomo wangu ulikuwa umevimba umefika karibu na pua.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaondoa kitambaa taratibu ili aone. Mama Miche alikuwa amesimama mlangoni na taa ya mkononi, mwanga ukanipata sawasawa. Nikamwona mume wangu ananiona. Jicho moja halipo. Sikio limekuwa kama andazi. Na utepe wa pazia la mteja bado umefungwa shingoni kwa fundo la kipepeo. Pembe za midomo yake zikatikisika. Akazikaza. Akatazama chini, akatazama dari kwa muda, maana dari ndiyo kazi yake, akarudi kwangu.

"Si vibaya sana," akasema kwa adabu.

Na mimi nilikiona kicheko kilipo. Kilikuwa hapo kooni kwake, kile kile cha nje, kinasukuma kutoka. Sijawahi kutaka kitu cha mtu kama nilivyotaka kile. Nilitaka nikipate mimi, hata kama ni cha kunicheka mimi, hata kama ni kwa sababu ya sikio. Nikamshika mkono.

"Sheka," nikamwambia. Mdomo ulishazidi kuvimba, haukuweza zaidi ya hapo.

"Siwezi kukucheka, mama watoto. Unaumwa."

"Sheka tu. Nimeshema usheke."

Na hiyo ndiyo iliyomshinda. Kilianzia chini, kikakata, kikarudi, halafu kikafunguka chote, na kitanda chembamba kikatikisika sisi wawili juu yake. Nami nikacheka, mdomo ukaniuma mpaka machozi, nikacheka tu, nikaukaza mkono wake, nikasema moyoni nimekipata, nimekipata, ni changu. Machozi yalimtoka na yeye. Na akiwa katikati ya kicheko, macho yake yakaniacha. Yakapita juu ya bega langu kwenda mlangoni kumtafuta Mama Miche, kuona kama na yeye anacheka.

Mama Miche alikuwa ameinamisha kichwa, hacheki. Mume wangu aliendelea kumtazama, anangoja. Mkono wake ulikuwa bado umo mkononi mwangu.